Sauti ya Shujaa wa Kike ni ya Nani?



Jumapili moja alasiri niliingia katika kibanda cha video hapa Walukuba. Sikwenda kustarehe. Nilikuwa nikimtafuta mwanafunzi wangu mmoja aliyeniahidi daftari la insha, nami nikaambiwa na nduguze kwamba yumo humo pamoja na watoto wenziwe. Ndani mlikuwa na giza na joto, watoto wamebanana juu ya mabenchi, na mbele yao, katika televisheni iliyowekwa juu ya meza, ilikuwa ikionyeshwa filamu ya katuni iitwayo Mulan, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1998. Filamu hiyo yasimulia habari za msichana wa Kichina anayekata nywele zake, akavaa deraya ya baba yake mzee, akaenda vitani badala yake.

Msomaji aliye nje ya Uganda huenda haijui desturi ya vibanda vyetu. Filamu ya kigeni haiachwi iseme yenyewe. Yuko mtu aitwaye vijei, mwenye kipaza sauti, anayetafsiri maneno ya wahusika wote kadiri picha zinavyopita, huku akitia vichekesho, maonyo na methali zake mwenyewe. Watanzania wanaomkumbuka Lufufu wataelewa upesi ninalolisema. Kazi hii ni sanaa ya kweli, nami siidharau. Mara nyingi mtazamaji humlipia vijei kuliko anavyoilipia filamu.

Vijei wa siku ile alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito na nzuri. Alisema maneno ya jemadari, ya mfalme, ya joka dogo na ya Mulan mwenyewe. Mulan alipojifanya mwanamume kambini, sauti ile ilimkaa barabara. Lakini kila alipokuwa msichana, vijei alibana pua, akatoa kijisauti chembamba cha kukejeli, na kibanda kizima kikacheka. Wavulana walicheka, wasichana walicheka. Nami, ndugu zangu, nilicheka.

Juma lililofuata yule mwanafunzi, msichana wa miaka kumi na minne, aliniletea insha juu ya filamu ile. Aliandika kwamba Mulan alikuwa msichana mkimya, kisha akawa jikedume, akaokoa nchi yake. Nilipofika kwenye neno "jikedume" nilitia alama ya sahihi kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: msamiati mzuri. Kipindi kilipokwisha akaja mezani pangu.

"Samahani, mwalimu. Mwanamume akiwa jasiri anaitwaje?"

"Anaitwa jasiri," nikamjibu.

"Na mwanamke je?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu nililokosa siku ile, na kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyewahi kutia alama nyekundu ya aina hiyo, nawaandikia ninyi nyote.

UPANGA BILA ULIMI

Siku hizi imekuwa desturi kusikia kwamba suala la mwanamke katika filamu za katuni limekwisha. Zamani, wanatuambia, alikuwako Snow White wa mwaka 1937, aliyefagia nyumba na kupika, kisha akalala usingizi wa mauti mpaka mwana wa mfalme alipokuja kumbusu. Leo tuna mabinti wenye pinde, mapanga na mashua. Wanapigana, wanapanda milima, wanavuka bahari. Basi mnataka nini tena?

Tunataka kujua nani anazungumza. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa isimu wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitangaza matokeo ya kuhesabu mazungumzo yote katika filamu za kampuni ya Disney zinazohusu mabinti wa kifalme. Matokeo yao yangepasa kubandikwa katika kila chumba cha walimu. Katika Snow White, wanawake na wanaume waligawana mazungumzo nusu kwa nusu. Katika Cinderella ya mwaka 1950, wanawake walisema asilimia 60. Lakini katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, filamu iliyosifiwa kwa kuleta shujaa wa kike mpya mwenye utashi wake, wanaume walisema asilimia 68. Katika Aladdin ya mwaka 1992 walisema asilimia 90. Na katika Mulan, filamu ambamo msichana mmoja anaiokoa dola nzima, wanaume walisema asilimia 77 ya mazungumzo yote.

Tuzitafakari tarakimu hizi bila haraka. Kadiri mwanamke alivyopewa mwendo na silaha, ndivyo alivyopunguziwa kauli. Aliachiwa upanga, akanyang'anywa ulimi. Amezungukwa na wanaume: baba, jemadari, askari, mshauri, mfalme, hata joka, na kila mmoja ana la kusema juu yake. Yeye mwenyewe ni mgeni katika hadithi yenye jina lake. Mwishoni mfalme anampa Mulan nafasi katika baraza lake, yaani mahali pa kusema na kusikilizwa, naye anaikataa na kurudi nyumbani kwa baba yake. Silaumu mtu kumpenda baba yake. Nauliza tu kwa nini mwandishi aliona mwisho mtamu ni ule wa mwanamke kulikataa baraza.

Hivyo kile kipaza sauti cha Walukuba hakikuharibu filamu njema. Kilikamilisha kazi iliyoanzishwa mbali. Kule waliacha sehemu ndogo ya mazungumzo kwa wanawake, na huku tumeichukua hiyo ndogo nayo tukaikabidhi kwa mwanamume anayebana pua.

NGUVA NA SITI

Hadithi ya huyo nguva wa mwaka 1989 inastahili kutazamwa peke yake. Ariel, binti wa mfalme wa bahari, anampenda mwana wa mfalme wa nchi kavu. Ili apate miguu, anatoa sauti yake kwa mchawi. Naye ana siku tatu za kumfanya kijana yule ampende akiwa bubu. Katika hadithi ya awali, iliyoandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, nguva hukatwa ulimi kabisa na hampati mchumba. Andersen walau hakuficha kwamba biashara ile ni ya hasara. Filamu ilimpa binti harusi na kumrudishia sauti yake, na kwa hiyo ikawafundisha watoto kwamba ukimya ni nauli ndogo tu ya kufikia ndoa.

Sasa tumweke kando yake mwanamke wa pwani yetu wenyewe. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, akawa muuza vyungu. Hakuwa na ukoo wa kujivunia, wala uzuri wa sura ambao mji uliutaka kwa mwanamke. Alichokuwa nacho ni sauti. Kwa sauti hiyo aliingia mjini, akaimba mbele ya wakubwa na wadogo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodiwa katika santuri. Shaaban Robert aliona maisha yake yanafaa kuandikiwa kitabu kizima cha wasifu, na wengi wetu tumekisoma na kukifundisha. Nguva alitoa sauti apate miguu ya kumfikishia kwa mume. Siti aliifanya sauti yake kuwa ndiyo miguu, ikamvusha bahari. Ni yupi kati ya hawa wawili ambaye wasichana wetu wanamjua kwa jina? Mnalijua jibu kama nilijuavyo mimi.

MAJINA TULIYOKOPESHA

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kutokaa kimya. Mwaka 1994 lugha yetu ilikopeshwa bila hati katika filamu iitwayo The Lion King. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi: dunia nzima ikajifunza maneno hayo, nasi tukafurahi kama mtu aliyeona jina la kijiji chake gazetini. Furaha ile ilitupofusha tusitazame majina yaligawiwa nani.

Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi: kile kionekanacho kama maji jangwani nacho si kitu. Mchumba wa Simba anaitwa Nala, na mara nyingi husemwa huko ughaibuni kwamba neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni zawadi. Sisi tunaojua zawadi, tunu, hidaya na tuzo tungependa kuonyeshwa kamusi hiyo. Na yule fisi jike anayewatangulia wenzake wawili ndiye aliyepewa jina la Shenzi. Hapa Uganda tunalifahamu neno hilo. Waungwana wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, kisha mlowezi akalidaka na kulifanya tusi la kila siku kwa mtumishi na kibarua. Mwenye kuvikwa tusi hilo katika filamu ni mwanamke mwenye mamlaka.

Tena wanyama wenyewe wamesingiziwa. Katika maisha ya porini, simba jike ndio shina la kundi. Huzaliwa humo, huwinda humo na kulea humo, wakati madume huja, hutawala miaka michache, kisha hufukuzwa na madume wengine. Miongoni mwa fisi madoa, majike ndio wenye daraja ya juu. Lakini katika filamu nchi inakauka, mito inakufa, na simba jike wote, wawindaji hodari, wanangoja chini ya dhalimu mmoja mpaka mtoto wa kiume arudi. Nala ana nguvu za kumbwaga Simba chini katika mieleka, tena anambwaga. Hata hivyo kazi yake ni kumbembeleza Simba huyo huyo akatwae kiti. Mtoto wa Kampala au Nairobi aweza kuijua filamu hii kwa moyo kabla hajaiona mbuga yenyewe.

WANAOSEMA HAYA NI YA KIGENI

Nasikia upinzani kutoka upande wa pili, nao ni wa wazee wetu na hata wa walimu wenzetu. Wanasema: utetezi wa wanawake ni kasumba ya Kizungu, katuni ni mchezo wa watoto, mila zetu zina mahali pa mwanamke, na hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Nakubali kwamba hatuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini tuzisome mila zetu vizuri. Kila mtoto wa Buganda na Busoga amesikia habari za Kintu na Nambi. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, ndiye aliyemwona Kintu akamtaka, ndiye aliyekubali kushuka naye duniani. Waliambiwa waondoke upesi na wasirudi nyuma, wasije wakaandamwa na Walumbe, nduguye Nambi, ambaye ndiye mauti. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kuku umesahauliwa. Mmoja wao akarudi kuuchukua, Walumbe akamfuata, na tangu siku hiyo watu wanakufa.

Nani alirudi? Ziko simulizi zinazosema ni Nambi. Ziko simulizi zinazosema ni Kintu, tena Nambi alimkataza. Hadithi ni ileile, mbingu ni ileile, kuku ni wale wale. Kinachobadilika ni mdomo wa msimulizi, na kwa mabadiliko hayo madogo mwanamke hubebeshwa au huondolewa lawama ya vifo vyote vya ulimwengu. Mimi nililelewa na ile ya kwanza. Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na ile ya pili, nikashangaa kwamba hakuna aliyeona haja ya kuniambia kuwa ipo. Asemaye kwamba katuni ni mchezo wa watoto na azipime hadithi za babu kwa kipimo hicho hicho.

Wala hatukukosa wanawake waliosema na kusikilizwa. Muhumuza wa kusini-magharibi mwa Uganda alisema kwa jina la Nyabingi, na maelfu wakamsikia. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamzuia Kampala, na huko akabaki mpaka alipofariki mwaka 1945. Mekatilili wa Menza aliwahutubia Wagiriama mwaka 1913 na kuwaapisha wasiwatii wakoloni. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurejea kwao kwa miguu, nchi nzima ya Kenya ikiwa katikati. Silaha kubwa ya wanawake hawa ilikuwa kauli. Serikali haimfungi mtu miaka zaidi ya thelathini kwa sababu ana sura nzuri. Hao ni kasumba ya Kizungu? La hasha!

SARUFI HAINA LAWAMA

Narudi sasa kwenye neno langu jekundu. Lugha yetu ina neema ambayo lugha nyingi hazina. Kiambishi chetu cha nafsi hakiulizi jinsia ya mtu. Tukisema, "Alichomoa upanga, akavuka mto, akawakabili adui," sentensi hiyo ni ya mwanamke sawasawa na ilivyo ya mwanamume. Niliisoma sentensi hiyo darasani nikawaambia wanafunzi wachore walichokisikia. Karibu wote walichora mwanamume, na wasichana wamo. Sarufi iliacha mlango wazi. Sisi ndio tuliouziba kwa mazoea.

Neno jikedume ni mojawapo ya matofali ya kuzibia mlango huo. Linasema kwamba ushujaa ni mali ya dume, na jike akionekana nao ameuazima. Linamsifu mwanamke kwa kumtoa katika uanamke wake, kama vile Mulan alivyoheshimiwa kambini kwa muda ule tu aliodhaniwa mwanamume. Sisemi tulifute katika kamusi. Kamusi hutunza hata maneno yenye makosa ya wakati wake. Nasema tusilitie alama ya sahihi bila kulijadili. Shujaa ni neno lisilo na jinsia. Jasiri vivyo hivyo. Hodari vivyo hivyo. Yanatosha.

Kadhalika tazama tamati za hadithi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mtoto wa kike, ambaye hata hakuulizwa, anaozwa. Kauli za vitenzi hivi si mchezo wa kitabuni. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa vipindi na kwa madarasa machache tu, na hazikurudi kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika kipindi hicho wasichana wengi walipata mimba, wengi wakaozwa, na tulipofungua milango yalikuwako madawati yasiyorudiwa na mtu. Mtoto aliyezoezwa tangu utotoni na kila hadithi, ya kioo na ya mekoni, kwamba mwisho wa msichana ni kutendwa, atapata wapi sauti ya kusema sitaki? Lakini Kiswahili kina kauli ya kutendana pia. "Wakaoana" ni Kiswahili safi, kifupi na cha zamani. Ni nani aliyetukataza kuitumia?

SAUTI YA KIUME YA KISWAHILI

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa Uganda zaidi ya wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa, nalo nalitaja kwa uchungu. Hapa kwetu Kiswahili chenyewe kimebeba sauti ya kiume. Wazazi wengi walikisikia kwanza kwa askari: katika kambi ya Jinja, katika vizuizi vya barabarani, katika amri zilizotolewa kwa ukali miaka ya shida. Hapa Walukuba, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa Kiafrika zama za ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, kilikuwa lugha ya makuli na viwanda, iliyowaunganisha watu wa makabila mengi; huo ulikuwa udugu mwema, lakini ulikuwa udugu wa zamu na malindo ya wanaume. Hata Mbale sokoni, mama muuza ndizi hukitumia kupatana bei, kisha akamwonya bintiye asikizoee.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikapendekezwa kiwe somo la lazima shuleni. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini tutampa msichana wa Uganda lugha gani? Ile ya kuamrishwa? Ikiwa hakuna mwanamke hata mmoja anayesema Kiswahili katika hadithi anazozipenda, ataiacha lugha hii pale mlangoni pa chumba cha mtihani.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mambo yameanza kubadilika. Moana ya mwaka 2016 ina binti anayeongoza watu wake baharini bila kupewa mchumba, na ajabu ni kwamba waongozaji wake, Ron Clements na John Musker, ni wale wale waliomnyamazisha nguva miaka 27 kabla. Basi watu hujifunza. Kati ya filamu hizo mbili, mwaka 2009, walimleta pia binti wa kwanza mweusi, Tiana, wakamfanya chura kwa sehemu kubwa ya filamu. Mwaka 2013 Jennifer Lee akawa mwanamke wa kwanza kushiriki kuongoza filamu ndefu ya studio ile, miaka 76 baada ya Snow White. Katika Afrika, Malenga Mulendema wa Zambia alibuni Supa Team 4, iliyotoka mwaka 2023, yenye wasichana wanne wa Lusaka. Mwaka huo huo mkusanyo wa Kizazi Moto, wenye jina la Kiswahili, ulileta pamoja kazi za Ng'endo Mukii wa Kenya, Raymond Malinga wa Uganda na wengineo. Na kutoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2016, tunaye Akili, mtoto wa kike wa miaka minne aishiye chini ya mlima Kilimanjaro, anayejifunza hesabu na herufi katika ndoto zake, na kuzungumza Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Hana upanga. Ana maswali. Kwangu mimi huyo mtoto mdogo ni shujaa kuliko mabinti kumi wenye pinde.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi tufanye nini? Sisi hatuna studio, wala fedha za kuchora hata sekunde moja ya filamu. Lakini tafsiri iko mikononi mwetu, na katika tafsiri ndimo shujaa anamopata au anamopoteza sauti yake.

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi kuhesabu. Mpe kila mmoja filamu au hadithi moja, ahesabu nani anasema na mara ngapi, kisha aandike insha juu ya alichokikuta. Hesabu haina chama wala dini, nayo hufumbua macho kuliko hotuba.

Pili, tuwape wasichana kipaza sauti. Zima sauti ya katuni, waache wasichana wawili watatu wazitafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili, kama vijei afanyavyo. Nimelijaribu jambo hili. Mara ya kwanza walisema kwa kunong'ona, na mmoja wao akabana pua, kwa maana hakujua namna nyingine ya kumsema msichana. Mara ya nne, yule mwanafunzi wa jikedume alisimama mbele ya darasa akamsemea Mulan mbele ya mfalme. Katika picha midomo ya Mulan haikufunguka sana. Yeye hakujali. Kwa Kiswahili cha Walukuba, chenye makosa mawili ya upatanisho ambayo sikuyasahihisha, alimwambia mfalme kwamba nafasi ile barazani anaipokea, ila aanze kesho, kwa sababu leo anataka kumsalimu baba yake.

Tatu, tukutane na mavijei wenyewe. Ni watafsiri, nasi ni walimu wa lugha. Ni aibu kwamba tunaishi mtaa mmoja bila kuzungumza. Nilikwenda kwa yule wa siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia kwamba kijisauti kile huleta wateja. Ni jibu la kweli, na silidharau. Nikamwuliza kama angemruhusu mwanafunzi wangu ashike kipaza sauti Jumapili moja, kwa filamu moja tu. Hakunipa jawabu. Alisema atafikiri.

Bado anafikiri. Nami kila Jumapili napita pale kibandani, nasimama mlangoni kidogo, nasikiliza ni nani anayesema.